Polishi ya mashine kwenye joto la Tanga: rotari, DA au grenda, na saa ngapi uianze

Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu hapa Tanga mchana unagonga nyuzi 32, 33 kivulini, na hiyo ni hewa tu, boneti nyeusi iliyoachwa juani pale Ngamiani saa saba mchana inavuka 60 bila jasho. Na miaka hii Idi el Fitri inaangukia humo humo mwezi wa tatu au mwanzo wa nne, kwaiyo kila mwenye gari anataka ling'ae wakati ambao rangi haitaki kabisa kuguswa na mashine. Jibu la haraka kwa asiyetaka kusoma yote: chukua DA (mashine ya polishi inayozunguka huku inatikisika), pedi ya sponji, anza alfajiri, ukifika saa nne zima mashine. Mwenye muda twende taratibu maana kuna mahali rotari inashinda, na kuna mahali hata DA itakuumbua.

Kitu cha kushika kwanza ni akiba ya joto. Rangi ya kiwandani yote kwa pamoja, praima, rangi yenyewe na klia (tabaka angavu) juu yake, inakuwa mikroni 100 mpaka 150 hivi, na klia peke yake mara nyingi ni 40 au 50, yani nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Hiyo klia ikipashwa kuanzia nyuzi hamsini na kitu kwenda sitini inaanza kulainika, sio kwamba itatiririka, ila inakatika vibaya, inavimba kidogo na kuficha mikwaruzo (unadhani umemaliza, kesho gari likipoa mikwaruzo imerudi), na ukiendelea kukandamiza ndo unaona weupe, kisha inaungua. Sasa mafundi wengi wanaojali wanaweka mpaka wao kwenye nyuzi 50. Bodi ikianza na 30 una nyuzi 20 za kuchezea. Ikianza na 48 huna kitu, mashine yoyote ile hata iwe ya bei gani itakuvusha kabla hujamaliza duru la kwanza. Kila chaguo hapa chini nalipima kwa hicho kipimo, linakula akiba kiasi gani.

Tuanze na mashine zenyewe.

Rotari inazunguka kwenye mhimili mmoja tu, kawaida kati ya mizunguko 600 na 3000 kwa dakika, na haisimami ukiikandamiza. Msuguano wote unalala palepale pedi ilipo, kama mtu anayepekecha moto kwa kijiti, ukisimama sekunde chache kwenye mkunjo wa mlango joto linaruka. Faida yake ni kweli na wala sitaipunguza: inakata haraka, inatoa alama za msasa wa maji kwa muda mfupi, na kwenye klia ngumu za magari ya Kijerumani inafanya kwa mara mbili kupitisha kile ambacho DA itafanya kwa mara sita. Hasara yake nyingine ukiacha moto ni ile michirizi inayocheza juani kama ukungu wa upinde wa mvua, ukimaliza na rotari karibu lazima upite tena na kitu laini kuiondoa.

DA inazunguka huku inatikisika kwenye kiduara kidogo, cha milimita 8, 15 au 21 kutegemea mashine, na ile ya kawaida pedi yake inaendeshwa na mtikisiko tu, kwaiyo ukikandamiza sana au ukaiinamisha upande mmoja pedi inaacha kuzunguka yenyewe. Watu wanalalamika hiyo ni udhaifu, "haina nguvu". Kwa joto letu mi naona ndo breki yake, mkono ukikosea mashine inakataa kabla rangi haijalia. Joto linapanda pia, asikudanganye mtu kwamba DA haichomi, ila linapanda polepole na unapata muda wa kugusa bodi ukajua. Zipo pia DA zinazoendeshwa na gia, Flex wanatengeneza moja maarufu ya milimita 8, hizo hazisimami, zina nguvu karibu na rotari na joto lake lipo katikati. Kwa anayenunua ya kwanza sizipendekezi, zinavuta mkono, na hiyo breki niliyoisema hazina.

Afu kuna grenda. Hii inabidi niiseme maana ipo sana mtaani. Unafikisha gari, unaona kijana kafunga pedi ya sponji kwenye grenda ya kukatia nondo, unamuuliza:

"Mgosi, hiyo grenda unaiweka kwenye gari yangu?"

"Usiwe na wasi bosi wangu, naipitisha kwa mkono mwepesi tu."

Grenda ndogo ya inchi nne inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Elfu kumi na moja! Rotari ya kweli ikiwa spidi ya mwisho haifiki hata theluthi ya hapo, na nyingi ya grenda hizo hazina kipunguza spidi. Mkono mwepesi hausaidii kitu, na pedi yenyewe haijatengenezwa kwa spidi hiyo, gundi ya velkro inayeyuka, pedi inachomoka inaruka, imtoe mtu jicho. Ukiikuta mwambie kwa heshima "kaka ahsante, ntarudi siku nyingine" uondoke na gari lako. Drili yenye pedi ni afadhali kidogo kwa ajili ya spidi ndogo ila haina balansi, itumie kwenye taa za mbele zilizofubaa ishie hapo.

Kwa wanaopenda kuona kando kwa kando:

Kula akiba ya joto: rotari nyingi sana, DA ya gia kati, DA ya kawaida kidogo, grenda inamaliza yote papo hapo.
Kukata mikwaruzo mizito: rotari wa kwanza, DA ya gia wa pili, DA ya kawaida inafika ila jasho litakutoka.
Kumalizia iwe safi juani: DA ya kawaida wa kwanza, tena mbali.
Kujifunza: DA wikendi moja na mlango wa chakavu unatosha, rotari ni miezi.
Umeme: DA mara nyingi wati 500 mpaka 900, rotari 1200 na zaidi.

Hilo la umeme watu wanaliruka. Jioni majumba yote feni na AC zimewashwa, umeme unashuka, spidi inashuka, unaongeza namba kwenye mashine, kidogo umeme unarudi wote na mashine inaruka spidi ukiwa juu ya mkunjo. Mashine nzuri zina saketi ya kushikilia spidi, za bei chee nyingi hazina. Kwenye jenereta dogo DA haisumbui, rotari pale inapowaka inavuta sana mpaka jenereta linakohoa. Na waya wa ekstensheni usiwe ule mwembamba wa kuchajia simu mita ishirini umeviringishwa kwenye kigurudumu, utoe wote nje ya kigurudumu, unapata moto ukiwa umejiviringisha.

Sasa saa. Hapa ndo ugomvi wa kweli ulipo, mi naona saa inabeba uzito kuliko mashine.

Alfajiri mpaka saa nne asubuhi: bodi ina nyuzi 25, 27, akiba yako yote ipo. Tatizo la Tanga ni umande, gari likilala nje linaamka limelowa, na umande wa pwani una chumvi, kwaiyo usipitishe taulo kavu, suuza kwanza, kausha, ndo uanze. Kama huna banda, jua linatoka baharini upande wa mashariki, basi egesha gari ubavu mmoja uelekee magharibi na uanze na huo uliopo kivulini, boneti na rufu viwahi kabla jua halijapanda maana hivyo havina pa kujificha.

Mchana chini ya banda la bati: wengi wanafanya hivi na wanajua wako kivulini. Bati lisilo na dari linapata moto na kuurudisha chini, ukiweka mkono juu ya rufu ya gari saa nane utashangaa. Sio salama kwa rotari. Kwa DA inawezekana kwa gari jeupe, kipande kidogo kidogo, na banda liwe refu juu. Gari jeusi, subiri.

Mchana chini ya mti: mwarobaini kivuli chake kizuri, ila unadondosha majani na vimbegu, na juu yake kunguru wanangoja. Mwembe ndo kabisa, utomvu wake ukikauka kwenye rangi ni kazi nyingine. Na baada ya saa sita upepo wa bahari unaingia na vumbi, chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye pedi inachora mstari kila mzunguko. Kwa walio njia ya Pongwe kwenye vumbi la chokaa na saruji, hata sifikirii, funga mlango au acha.

Jioni na usiku: bodi inapoa polepole, gari lililoshinda juani lipe saa nzima na nusu kivulini, na kama limetoka kutembea boneti lina moto wa injini pia, lifungue boneti. Usiku una faida moja ambayo wengi hawaijui, taa moja kali ya LED kwenye giza inaonyesha mikwaruzo ya mviringo kuliko jua la asubuhi lenye mwanga mpana. Hasara ni wadudu. Masika yakikaribia kumbikumbi wanaikimbilia taa na wengine wanaishia chini ya pedi. Taa iweke mbali kidogo na unapopolishi, washa ya pili pembeni iwavute. Na umeme ukikatika nusu ya boneti inakuwa imeng'aa nusu bado, utalala na wasiwasi.

Mimi nachagua alfajiri kwa boneti, rufu na buti, jioni kwa milango na madigadi. Gari zima siku moja kwa wakati wa kaskazi, kwa mtu mmoja, ni kulazimisha. Anayetaka kumaliza kwa siku moja asubiri kusi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hali ya hewa inakuwa rafiki, mchana nyuzi 28, 29, na unaweza kwenda mpaka adhuhuri.

Pedi nitapita haraka isipokuwa jambo moja. Wengi wanajua pedi ya sufu ni kali na sponji ni laini, wakahitimisha kwenye joto sponji ni salama zaidi daima. Kwa DA ndiyo. Kwa rotari sio lazima, sponji inazuia joto lisitoke, hewa haipiti, moto wote unarudi kwenye klia, wakati sufu hewa inapita kati ya nyuzi zake na inabaki baridi zaidi. Kwaiyo kama umeshalazimika kutumia rotari kukata kitu kizito, sufu kwa spidi ndogo ni bora kuliko sponji ngumu kwa spidi kubwa, halafu umalizie na DA na sponji laini kuondoa ukungu wa sufu. Pedi za maikrofaiba zinakata vizuri kwenye DA ila zinapata moto na gundi yake haipendi hali yetu. Sponji chagua nyembamba zenye tundu katikati. Uwe nazo nyingi, nne tano kwa gari, ukiona moja imelowa polishi na imepata moto weka pembeni ipoe, chukua nyingine, usiifue kwa maji ukairudisha ikichuruzika. Rangi za pedi zisikudanganye, 3M wanalinganisha kofia ya chupa na pedi, njano kwa njano, bluu kwa bluu, lakini njano ya kampuni nyingine inaweza kuwa ndo kali kuliko zote.

Kampaundi, yani polishi yenyewe ya kukatia mikwaruzo: za majimaji sana zinakauka kwenye joto kabla hazijafanya kazi, zinageuka unga, unga mkavu unakwaruza na kung'ang'ania. Zenye mafuta zinadumu muda mrefu ila baadhi zinajaza mikwaruzo badala ya kuiondoa, muosha magari akizisugua na shampuu mara mbili mambo yote hadharani. Kwenye joto nachukua ya mafuta kiasi, kisha nakagua kwa spiriti iliyochanganywa na maji, nafuta kipande na kuangalia kama mkwaruzo umerudi. Spiriti inapokauka inapoza bodi, na kwa unyevu wa hapa inaacha ukungu kidogo, usiogope, pitisha taulo kavu. Usifute sehemu ya moto nayo.

Iwe mashine yoyote, eneo lipunguze. Wanaofundisha toka nchi za baridi wanasema sentimita 60 kwa 60, hapa fanya 40 kwa 40, matone matatu manne, spidi namba moja chini ya uliyozoea, na chupa ya kupulizia maji kidogo kwenye pedi ikianza kuburuza. Maji ya kisima hapana, kisima cha pwani kina chokaa na chumvi, yataacha madoa. Tumia maji ya betri yale yaliyoondolewa madini, ila soma chupa vizuri wakuu, kwenye rafu hiyohiyo ya duka la vipuri kuna asidi ya betri. Kipimajoto cha kupiga mwanga ni kitu kidogo cha bei ya kawaida, na kama huna weka kiganja, ukishindwa kukiacha sekunde tano kwa raha, pumzika. Bandika tepu ya karatasi kwenye mikunjo yote na kingo za milango, pale rangi ni nyembamba kuliko popote na pale ndo panapoungua. Bampa ni plastiki, haisambazi joto kama bati, linakaa palepale, kwaiyo bampa rotari usiipe.

Kuna suala la rangi yenyewe ambalo linaweza kukubadilishia chaguo lote. Toyota nyingi toka Japani zenye namba ya rangi 040, ule weupe wa kawaida, mara nyingi hazina klia, ukipolishi pedi inageuka nyeupe, hiyo ni rangi yenyewe inatoka na ni kawaida, inavumilia, ila kila mara unaipunguza. 070, ile nyeupe ya lulu, ina klia juu ya tabaka mbili na ukiichoma kuirudisha ni gharama maana kulinganisha lulu kunawashinda mafundi wengi. 202 nyeusi ni laini mno, hata taulo linaichora, hiyo usithubutu na rotari kipindi cha kaskazi, DA na pedi ya kumalizia peke yake mara nyingi inatosha.

Na gari lililopigwa rangi gereji? Chukua kitambaa kidogo chenye thina, gusa ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta au sehemu iliyojificha iliyopigwa rangi ileile. Rangi ikitoka kwenye kitambaa ujue ni selulosi au haina hadina (dawa ya kuigandisha rangi), hiyo inalainika kwa joto na kwa mafuta ya kampaundi vyote viwili, rotari itaivuruga dakika hiyohiyo. Piga kwa mkono, au DA spidi ndogo alfajiri tu. Isipotoka, ni ya hadina, inavumilia, ila kama ina wiki moja tu tangu itoke kwa fundi rangi iache ikauke kwanza na wax ngoja mwezi.

Kwaiyo nani achukue nini. Mwenye gari moja nyumbani Raskazone au Sahare anayetaka kulitunza mwenyewe: DA ya milimita 15, sponji mbili za kukata na mbili za kumalizia, basi, rotari hata usiiulize bei. Mwenye kaoshi anayepokea magari kumi kwa siku juani: usiuze huduma ya mashine mchana, weka kwa miadi ya asubuhi, mteja akisema "dada mi nataka sasa hivi", mpe wax ya mkono umwambie kwa nini. Fundi rangi mwenye gereji na banda refu ambaye kila siku anatoa alama za msasa: wewe rotari unaihitaji, sufu, kipimajoto mfukoni, na DA pembeni ya kumalizia. Mwenye Crown nyeusi anayetaka liwe kioo kabla ya harusi ya Jumamosi: lipeleke kwa fundi wa DA Alhamisi alfajiri, ukikuta anaanza saa tano mwambie muahirishe mpaka jioni, na ukikuta grenda unajua la kufanya.

Bajaji nazo zinaletwa sana sikuhizi. Sehemu kubwa ya zile za mbele ni plastiki na rangi nyembamba, zinashinda juani stendi ya Kange kutwa. Mkono na kampaundi laini, kivulini, jioni akishapaki.